Ukwangala Ugenini: Dhana ya Urafiki wa Muda kwa Vijana wa Kyela kati ya Vita Kuu Mbili

1.0 Utangulizi

Fasihi ya Ulaya ya kipindi cha kati ya Vita Kuu mbili ina kazi nyingi zinazosimulia urafiki wa vijana wageni waliokutana katika jiji la anasa, wakaishi kwa ukaribu kwa miezi michache, kisha wakatawanyika. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni Goodbye to Berlin, kitabu cha Christopher Isherwood kilichochapishwa mwaka 1939. Isherwood, Mwingereza, aliishi Berlin tangu 1929 hadi 1933. Mhusika wake Sally Bowles, msichana wa Kiingereza anayeimba katika vilabu vya usiku, alitokana kwa kiasi fulani na Jean Ross, ambaye mwandishi alifahamiana naye katika jiji hilo. Katika kazi za aina hii urafiki huwa ni kitu cha kupita. Fedha huja na kutoweka, utawala hubadilika, na waliokuwa wakila pamoja hawaonani tena. Swali linalobaki ni iwapo uhusiano uliodumu kwa muda mfupi kiasi hicho unastahili kuitwa urafiki.

Swali hilo si la Ulaya peke yake. Katika miaka hiyohiyo vijana wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, katika sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Kyela, walikuwa wakiacha migomba na mashamba ya mpunga kwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Lupa haikuwa jiji kama Berlin. Ilikuwa nchi ya makambi, maduka na vilabu vya pombe vilivyozuka upesi na kuhama upesi. Hata hivyo, ilifanana na Berlin ya vitabuni kwa jambo moja kubwa: iliwakusanya vijana wasiojuana, mbali na wazee wao, mahali ambapo fedha ilipatikana na kutumika haraka, na ambapo hakuna aliyetarajia kukaa daima.

Vijana wa Kyela walikwenda huko wakiwa na dhana yao wenyewe ya urafiki, ambayo Kinyakyusa huiita ukwangala. Makala haya yanachunguza dhana hiyo na namna ilivyosafiri. Hoja yake kuu ni kwamba ukwangala haukupimwa kwa urefu wa muda bali kwa vitendo, na kwamba kwa sababu hiyo dhana hiyo inatoa njia bora zaidi ya kuuelewa urafiki wa ugenini kuliko ile iliyomo katika riwaya za Ulaya. Hoja ya pili ni ya kiisimu: ugenini, vitendo hivyo vilihitaji lugha nyingine ya kuvibeba, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili.

2.0 Maana ya Ukwangala

Maelezo yanayojulikana zaidi kuhusu ukwangala yamo katika kitabu cha Monica Wilson, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Jina la kitabu chenyewe ni jaribio la kulitafsiri neno hilo kwa Kiingereza. Kwa mujibu wa Wilson, ukwangala ni kufurahia kuwa pamoja na wenzi: kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza na kujifunza adabu miongoni mwa watu walio sawa. Usawa huo ulitokana na rika. Mtoto hakuweza kuangala na baba yake kwa maana kamili ya neno, kwa kuwa heshima iliwatenganisha.

Dhana hiyo ilikuwa na makao yake, nayo ni kijiji cha rika. Mvulana alipofikia umri wa miaka 10 au 11 aliondoka katika nyumba ya wazazi wake, akaenda kulala katika vibanda vilivyojengwa na wavulana wenzake pembezoni mwa kijiji cha baba zao. Aliendelea kulima shamba la baba yake na kula chakula cha mama yake, lakini hakula peke yake. Wavulana walikwenda kwa kundi kutoka nyumba ya mama mmoja hadi ya mama mwingine. Walipooa, kwa kawaida wakiwa na umri wa miaka ya ishirini na kitu, waliwaleta wake zao katika kijiji hichohicho, na vibanda vya watoto vikageuka kuwa nyumba za watu wazima. Takriban mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka, yaani kutoka kwa vijana, ambapo baba walikabidhi madaraka ya nchi kwa wana wao.

Mpangilio huo ulihusiana na miiko ya ukwe. Mke hakuruhusiwa kukutana na baba wa mumewe, na kwa kuwa vijana walikaa mbali na wazee, mwiko huo uliweza kufuatwa bila taabu kubwa. Aidha, wazee walikuwa na wake wengi, baadhi yao wakiwa rika moja na wana wao wa kiume, na hivyo kuwatenga vijana kulipunguza wasiwasi wa ugoni. Kwa hiyo kijiji cha rika hakikuwa kielelezo cha upendo mtupu. Kilikuwa pia ukuta uliowekwa kati ya vizazi viwili vilivyoshindania wanawake na ng'ombe.

Ndani ya kijiji, ukwangala ulikuwa na upande wa furaha na upande wa hofu. Mtu aliyekula peke yake, hasa nyama na maziwa, alishukiwa kuwa mchawi. Aliyewaudhi jirani zake alihofia pumzi ya watu, ile embepo sya bandu iliyoaminiwa kuleta ubaridi mwilini na maradhi. Ukarimu ulikuwa wajibu, na wajibu huo ulikuwa na adhabu yake.

Umbo la neno lenyewe linastahili kuangaliwa. Ukwangala ni kitenzijina, kilichoundwa kwa kiambishi uku- na shina la kitenzi -angala. Kiswahili husema urafiki, nomino dhahania inayotaja hali: watu wanaweza kuwa na urafiki hata kama hawajaonana kwa miaka 10. Kinyakyusa, kwa neno hili, kinataja tendo. Watu huangala wanapoangala. Wakiacha kula na kuzungumza pamoja, ukwangala haupo. Tofauti hii ya kisarufi haitoshi yenyewe kuthibitisha tofauti ya fikra, kwani kila lugha ina njia zaidi ya moja ya kulieleza jambo. Lakini inaafikiana na yale yanayofahamika kuhusu maisha ya kijiji, ambako uhusiano ulihitaji kutendwa upya kila siku kwa chakula.

Neno hilo lina ndugu zake ng'ambo ya mpaka. Katika Kibemba, lugha iliyokuja kutawala mazungumzo katika miji ya migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ukwangala ni kucheza, kujifurahisha. Kijana wa Kinyakyusa aliyefika huko alilikuta neno la nyumbani likiwa limevuliwa uzito wa wajibu na kubakiwa na furaha. Maana hizo mbili, ya adabu na ya mchezo, zinaweka bayana mipaka ya suala zima. Urafiki wa kambini uliishi katikati yake.

3.0 Wageni Wawili katika Bonde la Kyela

Kabla ya kuwafuata vijana hao Lupa, inafaa kutazama hali iliyoizaa kumbukumbu inayotumika hapa. Monica Hunter alizaliwa Lovedale, Afrika Kusini, mwaka 1908. Godfrey Wilson, Mwingereza, alizaliwa mwaka huohuo, akiwa mwana wa John Dover Wilson, mtaalamu wa kazi za Shakespeare. Wote wawili walipata mafunzo ya Bronislaw Malinowski. Walioana mwaka 1935, na kati ya 1934 na 1938 walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa. Walipoanza, walikuwa vijana wa takriban miaka 26.

Kwa hiyo hata kitabu mashuhuri kuhusu urafiki wa Wanyakyusa kilitokana na ujirani wa muda kati ya vijana wageni na wenyeji wao. Mkusanyiko wa makala uliohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank mwaka 2013, unaohusu Monica Wilson na wakalimani wake, umewarudisha katika picha watu waliofanya kazi hiyo pamoja naye, miongoni mwao Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wa Kinyakyusa. Bila watu wa namna yake, watafiti wasingaliweza kusikia mazungumzo ya rika, kwani mgeni hawezi kuangala kwa kukodoa macho tu. Uhusiano huo haukuwa wa usawa. Mmoja alilipa na mwingine alilipwa, na jina la mmoja ndilo lililokaa juu ya jalada. Ulikwisha utafiti ulipokwisha, lakini matunda yake bado yanasomwa.

Godfrey alikwenda kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone mwaka 1938. Huko aliandika kuhusu wafanyakazi Waafrika wa Broken Hill, mji wa mgodi unaoitwa Kabwe leo, katika insha yake ya sehemu mbili iliyotoka 1941 na 1942. Wenye mgodi hawakupendezwa na ukaribu wake na wafanyakazi, wakamzuia kuendelea na utafiti. Alijiuzulu mwaka 1941 na akafariki mwaka 1944. Monica ndiye aliyeandika vitabu vikubwa kuhusu Wanyakyusa, kwa kutumia maandishi ya wote wawili, na aliendelea na kazi hiyo hadi miaka ya 1970. Good Company ni kitabu cha mjane, kilichoandikwa miaka 13 baada ya wawili hao kuondoka Unyakyusa. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya picha yake ya kijiji kuwa tulivu kuliko hali ilivyokuwa.

Utulivu huo umehojiwa. Simon Charsley, katika kitabu chake kuhusu watawala wa Wanyakyusa kilichotoka 1969, na Michael McKenny katika makala ya 1973, walitilia shaka jinsi muundo wa vijiji vya rika ulivyokuwa umeelezwa. Mjadala huo hauwezi kumalizwa hapa. Lililo muhimu ni kwamba miaka ya utafiti wa Wilson ilikuwa vilevile miaka ya pilikapilika kubwa ya Lupa. Wakati vijana wawili wa kigeni walipokuwa wakiingia bondeni kujifunza urafiki wa kijijini, vijana wa bonde hilo walikuwa wakipanda milima kwenda kuishi na wageni.

4.0 Safari ya Lupa

Dhahabu ya mchanga iligunduliwa Lupa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mji wa Mbeya ulikua kwa sababu hiyo kuanzia mwishoni mwa muongo huo. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 uliangusha bei za mazao, lakini uliipandisha dhahabu. Uingereza iliacha kuifungamanisha sarafu yake na dhahabu mwaka 1931, na mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei rasmi kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia moja. Wachimbaji wa Kizungu, wengi wao wakiwa na mtaji mdogo, walimiminika katika mito ya Lupa. Ndege za Imperial Airways zilizofanya safari kati ya Misri na Afrika Kusini zilitua Mbeya kuanzia 1932. Pembe ya nchi iliyokuwa mbali na kila kitu ikawa kituo cha njia ya dunia.

Kazi ya kuchimba, kubeba na kuosha mchanga ilifanywa na Waafrika. Kwa Wanyakyusa, Lupa ilikuwa kazi ya ujira iliyo karibu. Umbali kutoka ufukoni mwa ziwa hadi Chunya, kwa njia ya Tukuyu na Mbeya, unazidi kilomita 150, na mtu aliweza kwenda kwa miguu akarudi kabla ya msimu wa kilimo. Mabadiliko ya nchi yalikuwa makubwa. Kyela iko karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, nayo hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Lupa ni nchi ya miombo, yenye kiangazi kirefu na uhaba wa maji.

Kijana alikwenda kwa sababu mbili zinazofahamika. Ya kwanza ni kodi, ambayo serikali ya kikoloni ilidai kwa fedha taslimu. Ya pili ni mahari. Ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee, na wazee haohao walioa wake wengi. Kijana aliyesubiri ng'ombe za baba alingoja muda mrefu. Aliyepata mshahara aliweza kununua zake mwenyewe. Kwa hiyo safari ya Lupa iligusa mhimili wa mfumo uliokuwa umekizaa kijiji cha rika. Iliwapa vijana nafasi ya kupunguza utegemezi wao kwa baba zao, na kwa kufanya hivyo ikaanza kuondoa moja ya sababu za kutengwa kwao.

Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi hadi zitimie siku 30. Ndipo mshahara ulipodaiwa. Kipimo hicho ndicho kilichopima pia ujirani wa kambini. Mwenzi wa kibanda alikuwepo kwa kipande kimoja, viwili au vitatu, kisha akaondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na mtu wa kwingine. Mchimbaji mwenye mtaji mdogo alipokosa dhahabu, kambi yote ilivunjika. Katika mazingira kama hayo kijana aliyelelewa katika ukwangala alikabiliwa na jambo geni: wenzi walikuwepo, chakula kilikuwepo, mazungumzo yalikuwepo, lakini kijiji hakikuwepo. Hakukuwa na mama wa kupika kwa zamu, wala ardhi ya kurithi pamoja, wala ubusoka wa kungojea.

Ikumbukwe kwamba hali hii ya kuwa mgeni haikuwa mpya kwa kila Mnyakyusa. Mwanamke aliolewa kutoka kijiji kingine na kuingia katika kijiji cha rika la mumewe. Marafiki zake wa utotoni hawakumfuata. Ilimbidi aanze upya na wake wenzake na majirani, na ndoa ilipovunjika alianza tena kwingine. Kwa maana hiyo, yale yaliyowapata vijana wa kiume Lupa yalikuwa yamewapata dada zao siku zote. Vijiji vya rika vilihifadhi urafiki wa wanaume kwa kuwahamisha wanawake.

5.0 Lugha ya Kambini

Makambini, Wanyakyusa walikutana na Wasafwa, Wanyiha, Wakinga, Wabena, Wanyamwezi na watu kutoka Nyasaland. Baadhi ya lugha hizo zinakaribiana na Kinyakyusa, nyingine ziko mbali nacho. Katika nchi ya Tanganyika lugha iliyokuwa tayari kwa kazi ya kuwaunganisha ilikuwa Kiswahili. Wajerumani walikuwa wamekitumia katika utawala, na Waingereza waliendelea nacho katika shule za msingi na mabaraza. Gazeti la Mambo Leo lilikuwa likitoka tangu 1923, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa 1930 ili kukisanifisha.

Katika Unyakyusa mgawanyo wa kazi kati ya lugha ulikuwa dhahiri. Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, na Wamisionari wa Berlin, waliofika mwaka huohuo, waliitumia sana lugha ya wenyeji katika mahubiri na mafundisho. Kinyakyusa kikawa lugha ya nyumba, shamba na kanisa. Kiswahili kilikuwa lugha ya boma, ya soko na ya ujira. Msamiati wa kazi ulikuwa wa Kiswahili: kibarua, kipande, posho, mnyapara, kambi. Kijana aliporudi nyumbani na maneno hayo alirudi pia na ushahidi wa mahali alikokuwa.

Je, Kiswahili kilikuwa na neno la kubeba ukwangala? Rafiki lilikuwepo, pamoja na sahibu na ndugu. Neno lililokaribia zaidi kimatumizi ni mwenzi, ambalo kwa kawaida halisimami peke yake. Husemwa mwenzangu, mwenzio, mwenzetu. Umbo hilo humfunga anayetajwa kwa anayetaja, na hudokeza kushiriki kitu kimoja: safari, kazi, chumba, rika. Mtu huacha kuwa mwenzi wa safari safari inapokwisha, na hakuna lawama ndani yake. Kwa hiyo Kiswahili kiliwapa vijana hao neno lililoruhusu ukaribu wenye mwisho, na ambalo halikumtaka mtu kuwa wa kabila moja na mwenzake.

Pamoja na neno kulikuwa na taasisi. Mbili zinastahili kutajwa. Ya kwanza ni utani, ambao R. E. Moreau aliuandikia kuhusu Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1940. Utani uliwaruhusu watu wa makabila mbalimbali waliokutana kazini kutukanana bila ugomvi na kudaiana msaada bila ujamaa wa damu. J. Clyde Mitchell, katika uchunguzi wake wa ngoma ya kalela uliotoka 1956, alionyesha jinsi dhihaka za namna hiyo zilivyopanga mahusiano ya wageni katika miji ya shaba. Ya pili ni beni. Ngoma hii, yenye vyeo na mavazi ya kuiga majeshi na bendi za Kizungu, ilianza katika mwambao wa Uswahilini mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, ameonyesha kwamba vyama vya beni, Marini na Arinoti, havikuwa vya kucheza tu. Vilipokea wageni, viliwasaidia wenye shida na kuwashughulikia wafu. Katika fukwe za Ziwa Nyasa ngoma za malipenga na mganda ni za ukoo huohuo. Wakuu wa serikali waliviogopa vyama hivyo: baada ya mgomo wa wafanyakazi wa migodi ya shaba wa mwaka 1935, ambapo watu sita waliuawa kwa risasi huko Luanshya, tume ya uchunguzi ilikichunguza pia chama cha mbeni.

Hapa maana mbili za ukwangala zinakutana tena. Ngoma ilikuwa mchezo. Lakini waliocheza pamoja Jumapili ndio waliotarajiwa kusimama pamoja siku ya msiba.

6.0 Kipimo cha Urafiki: Mgonjwa na Maiti

Methali ya Kiswahili husema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ugenini, dhiki kuu ilikuwa kifo. Kwa Mnyakyusa hili lilikuwa jambo zito kupita kawaida, kwa sababu maziko yalikuwa mkusanyiko mkuu wa jamii. Godfrey Wilson aliyachunguza katika makala yake ya 1939 kuhusu desturi za kuzika: ng'ombe walichinjwa, ndugu na watu wa kijiji walikusanyika kwa siku kadhaa, wanawake walilia na vijana wa kiume walicheza ngoma ya vita kando ya kaburi. Mazishi yaliwahitaji wenzi wa rika. Aliyekufa kambini alikosa yote hayo, isipokuwa kile ambacho wenzi wa kipande waliweza kukifanya.

Kutokana na hali hiyo, swali la iwapo urafiki wa kambini ulikuwa wa kweli linapata jibu ambalo riwaya za Berlin haziwezi kulitoa kwa urahisi. Kigezo si kama wenzi waliandikiana barua baada ya miaka 10. Kigezo ni nani alimpikia uji mgonjwa wa malaria, nani alimchukulia kipande chake kisipotee, nani alichimba kaburi, na nani alifikisha habari Kyela. Matendo hayo yote huweza kukamilika katika muda wa wiki moja kati ya watu waliofahamiana kwa mwezi mmoja.

Mfano wa Mtanganyika aliyeishi katika Berlin halisi ya miaka hiyo unaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akiwa mwana wa askari, na yeye mwenyewe alitumika katika jeshi la Kijerumani akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Ujerumani kudai malipo ya jeshi ambayo hayakuwa yamelipwa. Hakufanikiwa, lakini alibaki Berlin. Alifanya kazi ya kuhudumu katika Haus Vaterland, jumba maarufu la starehe, alifundisha Kiswahili chuoni, na aliigiza katika filamu. Alioa na kupata watoto huko. Jiji lililomchangamkia kama kivutio cha usiku halikumlinda lilipobadilika. Alikamatwa mwaka 1941 kwa sababu ya sheria za ubaguzi wa rangi, na akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwezi Novemba 1944. Kulikuwa na watu wengi wa kufurahi naye katika kumbi za Berlin. Hapakuwa na chama wala kijiji chenye nguvu ya kumdai.

Haifai kuifanya Lupa iwe pepo kwa kuilinganisha na mkasa huo. Makambi yalikuwa na ulevi, wizi, magonjwa na ugomvi, na si kila mgonjwa alipikiwa uji. Ulinganisho unaonyesha jambo dogo zaidi lakini la msingi. Anasa ya mahali haiamui thamani ya urafiki unaozaliwa hapo. Kinachoamua ni kama pana wajibu unaotambuliwa na wote, na lugha ambayo kwayo wajibu huo huweza kudaiwa.

7.0 Hitimisho

Enzi ya Lupa haikudumu. Wimbi la wachimbaji wadogo lilipungua wakati wa Vita vya Pili, na mgodi mkubwa wa Saza, uliofunguliwa 1939, ulifungwa 1956. Vijana wa Kyela walielekeza nyuso zao kwenye migodi ya shaba na ya Afrika Kusini, kama Philip Gulliver alivyoeleza katika makala yake ya 1957 kuhusu uhamaji wa Wanyakyusa, hadi Tanganyika huru ilipozuia uandikishaji wa wafanyakazi wa kwenda Afrika Kusini. Nyumbani, uhaba wa ardhi na kilimo cha mazao ya biashara vilivifanya vijiji vya rika kufifia, jambo ambalo Gulliver alilibaini pia katika uchunguzi wake wa umilikaji ardhi wa 1958.

Kama ukwangala ungekuwa hali inayotegemea kijiji peke yake, ungalikufa pamoja na kijiji. Uchunguzi wa dhana hiyo unaelekea upande mwingine. Ukwangala ulikuwa tendo, na tendo huweza kufanywa kwingineko, na watu wengine, kwa lugha nyingine. Vyama vya kuzikana vinavyoundwa na wahamiaji katika miji ya Tanzania ni ushahidi kwamba swali la kambini halijazeeka: watu wasio wa ukoo mmoja hukubaliana mapema nani atamzika nani.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna fundisho la kitaaluma pia. Historia ya kuenea kwa lugha hii bara imeandikwa zaidi kwa kutazama misafara, shule, jeshi na serikali. Historia hiyo inabaki pungufu isipoongeza kibanda cha wachimbaji, ambako mtu wa Kyela na mtu wa Unyamwezi walihitaji neno moja la kuitana usiku mmoja wao aliposhikwa na homa. Kamusi Sanifu ya Frederick Johnson ilipotoka mwaka 1939, mwaka uleule wa kitabu cha Isherwood, neno mwenzi lilikuwa limekwisha fanya kazi hiyo Lupa kwa zaidi ya miaka 10.